Mji wa Mbuzi Ninaoujua kwa Honi ya Treni

Sijafika Marekani na sidhani kama nitafika, lakini kuna mji mmoja mdogo huko ambao naweza kukueleza reli inapita wapi, watu wanaamka saa ngapi na kwa nini meya aligombana na watoto. Unaitwa Clarkston, uko jimbo la Georgia, kilomita 16 hivi kutoka katikati ya Atlanta. Nimeujua kupitia simu yenye kioo kilichopasuka, nikiwa nimekalia kreti ya soda nyuma ya kaunta ya duka langu hapa Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda.

Kwanza nijieleze, maana watu huniuliza mtu wa Isingiro, wilaya yetu hii, amekitoa wapi Kiswahili hiki. Baba alikuwa askari. Tulikulia kambini Mbarara, na kambini Kiswahili kilikuwa lugha ya wote: lugha ya amri, ya matusi, na ya mama zetu wakipanga foleni bombani. Shuleni wenzangu walinicheka, kwao hiyo ilikuwa lugha ya watu wenye bunduki. Mwaka 2009 nikasikia kwamba Wakongo wanaongezeka Nakivale na wenye maduka wanaongea nao kwa vidole. Niliuza ng'ombe wawili nikaja. Ng'ombe walinunua mabati na unga wa kuanzia. Wateja niliwapata kwa ulimi.

Mama Fundi alishonea kwenye baraza yangu. Jina lake silitaji, hapa sote tulimwita hivyo. Alitoka Kivu Kusini na watoto wanne na hakuna mume. Habari za mume hakunieleza nami sikumwuliza. Kodi ya baraza alinilipa kwa sindano, mashati yote ya shule ya wanangu yalipita kwenye cherehani yake. Mwaka 2017 jina lake likatoka kati ya wanaohamishiwa Marekani. Hapa husema mtu "amepata prosesi", na neno hilo moja linabeba mambo mengi: mahojiano na mahojiano tena, vipimo vya kifua, mafunzo ya siku chache kuhusu jiko la umeme na kwamba huko mtoto hapigwi, kisha basi la alfajiri. Siku ya kuondoka alikuwa ameshika ule mfuko mweupe wa plastiki wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, wenye karatasi zote za maisha yake, na kwenye daftari langu la madeni alikuwa anadaiwa shilingi 84,000. Niliufunga ukurasa. Mtu akienda Bulaya, yaani ng'ambo kwa wazungu, deni nalo hupanda ndege.

Baada ya miezi minane simu ikaingiza 100,000. Kisha ujumbe wa sauti: "Papa Duka, inayobaki nunulia watoto soda." Nyuma ya sauti yake kitu kikalia kwa muda mrefu, kama fahali aliyekwama topeni. Nilidhani ni ajali. Nikamjibu haraka: mama, uko salama? Akacheka. "Ni treni ya mizigo. Inapita katikati ya mji. Hata usiku wa manane inapiga honi, watoto walikuwa wanaingia chini ya kitanda."

Tangu siku hiyo tumeandikiana, au tuseme tumesemezana, karibu kila wiki. Na mimi ni mtu wa kutafuta. Akinitajia kitu, nikifunga duka nakitafuta kwenye intaneti, bando likiruhusu.

Treni yenyewe ndiyo mama wa mji. Clarkston uliandikishwa kuwa mji mwaka 1882, kando ya Georgia Railroad, na jina ulipewa kwa heshima ya mkurugenzi mmoja wa reli hiyo, bwana Clark. Wakazi wa zamani walifuga mbuzi, hata mji ukabandikwa jina la Goatsville, yaani mji wa mbuzi, na mpaka leo timu za sekondari ya Clarkston huitwa Angoras, ile aina ya mbuzi wenye manyoya marefu. Nilimsomea habari hii mzee mmoja anayeniuzia nyama. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: huko mbuzi ni bei gani kwa kilo?

Kwa miaka karibu mia moja, Clarkston ulikuwa mji wa watu weupe wa Georgia, wengi wao wa hali ya kawaida, wenye kanisa lao la Baptist lililoanzishwa 1883 na nyumba zenye veranda. Kisha katika miaka ya 1970 Atlanta ikaanza kufura. Uwanja wa ndege ukawavuta wafanyakazi, na pale Clarkston pakajengwa mitaa ya nyumba za ghorofa za kupanga. Wale wafanyakazi walipopata pesa zaidi walisogea mbele kununua nyumba zao. Ghorofa zikabaki nusu tupu, kodi ikashuka, wezi wakaingia. Mashirika yanayowapokea wakimbizi, katika miaka ya 1980, yakatazama ramani na kuona kitu adimu: nyumba za bei nafuu, basi linalofika hadi mjini, na Atlanta yenye kazi za hoteli na maghala. Wakaanza kuleta watu. Wavietnam kwanza. Vita vilivyofuata duniani unaweza kuvisoma kwenye madaftari ya shule za Clarkston: Wabosnia, Wasomali, Waliberia, Wasudani, kisha Wabhutan waliokulia kambini Nepal, Waburma, Wakongo wangu hawa, Wasyria, Waafghanistan.

Wenyeji hawakuulizwa. Hilo nataka mlisikie kutoka kwa mwenyeji mwenzao, kwa sababu wageni wanapoandikwa magazetini mwenyeji huwa mtu mbaya wa hadithi au mtakatifu. Mimi babu yangu alichunga hapa. Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, ni kati ya makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika, na sidhani kama kuna mtu aliyekuja kukaa chini ya mti na babu akamwuliza, mzee, unaonaje? Siku moja unaamka, ng'ombe hawapiti walikokuwa wakipita. Basi nikisoma kwamba wazungu wa Clarkston wengi walifunga mizigo wakahama kimya kimya, siwacheki. Mimi nisingekuwa na duka, labda na mimi ningenung'unika hadi leo.

Lakini kuna mmoja wao aliyekuwa na duka.

Nilipomsoma huyu niliamsha mke wangu. Duka lilikuwa kubwa, duka la vyakula, likiitwa Thriftown. Mwenyewe alilinunua mwaka 1990, akauza vile vitu Mmarekani wa kawaida anavyonunua, na wateja wake wakawa wanahama mmoja mmoja mpaka akakaribia kufilisika. Wapya wakawa wanapita mlangoni kwake kwenda mbali kutafuta chakula wanachokijua. Mfanyakazi wake, mwanamke wa Kivietnam, ndiye aliyemwambia waziwazi: hawanunui kwa sababu huuzi wanachokula. Akaanza kuleta mchele wa aina zao, michuzi ya samaki, viungo vya watu wasiojua hata jina la bata mzinga. Duka likafufuka.

Mimi mwaka 2009 nilifika Nakivale na matoke. Matoke! Nilikuwa na mikungu kumi na miwili imepangwa barazani kama askari kwenye gwaride, na siku ya nne ilikuwa imeiva yote, inanukia utamu, na nzi ndio waliokuwa wateja wangu. Mwanamke mmoja Mkongo alisimama akaniangalia kwa huruma. "Papa, sisi tunatafuta unga wa mihogo. Na sombe. Na makayabo." Sombe ni majani ya mihogo. Makayabo sikuyajua, ni samaki wa chumvi, mgumu kama soli ya kiatu, na ukimfungua mtaa mzima unajua. Wiki iliyofuata nilishuka mpaka Mbarara nikayatafuta. Mawese niliyapata kwa shida zaidi. Mara ya kwanza nililetewa mafuta ya kupikia yaliyotiwa rangi, nikaaibika mbele ya wateja. Leo Wanyankole wa vijiji vya jirani wananunua mawese kwangu na wanajifanya wameyala tangu utotoni.

Kwa hiyo, yule mzee wa Thriftown na mimi hatujaonana na hatutaonana, lakini namjua. Najua hasa ile dakika ya kusimama mbele ya rafu lako mwenyewe ukikiri kwamba mjinga ni wewe.

Kanisa nalo lilipita njia hiyo hiyo. Waumini wa Baptist walibaki wachache kwenye jengo kubwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakakubali kubadili hata jina, likawa Clarkston International Bible Church, wakaanza kusali pamoja na watu wa lugha nyingi. Mama Fundi aliwahi kunitumia sauti ya ibada ya Wakongo huko, ngoma na vigelegele, na katikati, bila shaka, treni.

Sasa habari ya meya. Mwaka 2004 mwanamke kutoka Jordan, Luma Mufleh, aliona watoto wakimbizi wakicheza mpira kwenye maegesho ya magari, wengine bila viatu, akawaundia timu iliyoitwa Fugees. Mwaka 2006 meya wa wakati huo, Lee Swaney, akatangaza kwamba uwanja wa bustani ya mji si wa soka, ni wa besiboli. Kwake soka ulikuwa mchezo wa watu waliokuja. Gazeti la New York Times liliandika habari hiyo mwanzoni mwa 2007 na mji mdogo ukajikuta unasomwa dunia nzima, na si kwa sifa. Watoto baadaye walipata ruhusa.

Ningeweza kumcheka meya huyo. Tatizo ni kwamba mwaka 2012 mimi nilipanda miche ya mihogo kwenye kiwanja kilicho mbele ya duka langu. Sikuhitaji mihogo. Nilihitaji mpira usinifikie tena, kwa sababu ulikuwa umevunja trei mbili za mayai. Watoto walikuja jioni wakasimama pembeni ya mashimo yangu, hawakusema neno, wakageuka. Mmoja wao alikuwa mtoto wa pili wa Mama Fundi, na mama yake aliendelea kushona kama hakuona kitu. Siku ya tatu tu ndipo aliponiambia, macho yakiwa kwenye kitambaa: "Udongo wa pale ni mgumu, Papa. Mihogo haitashika." Haikushika. Mpira ulirudi, nami nikahamishia mayai ndani. Huyo mtoto sasa yuko Georgia, ana miaka 22, na mama yake anasema bado akiona mayai anacheka.

Msidhani huko ni asali. Shirika lililowapokea liliwashika mkono kwa siku 90 hivi, baada ya hapo kodi ni yako. Nauli ya ndege ni mkopo, wengi hapa hawaamini ninapowaambia; baada ya miezi sita hivi barua ya kudai huanza kuja, na mtu hulipa kidogo kidogo. Mama Fundi alianzia kiwanda cha kuku huko Gainesville, kaskazini mwa Atlanta, nchi ya kuku kweli kweli. Gari dogo liliwachukua saa kumi alfajiri. "Nasimama kwenye baridi kama ndani ya friji, kuku wanapita juu ya kichwa, nakata bega, nakata bega, nakata bega. Nikirudi vidole havifungi." Fundi cherehani ambaye vidole havifungi! Alivumilia miaka miwili, kisha akapata kazi ya kufua na kukunja mashuka hotelini. Mwaka mzima wa kwanza hakushika sindano. Jirani yake wa ghorofa ya chini, bibi kutoka Bhutan, hana neno la Kiswahili na Mama Fundi hana neno la Kinepali, na kila Jumamosi wanabadilishana bakuli la chakula mlangoni. Hajui bado jina la kile kitu cha njano anachopewa. Anakila.

Upande mwingine wa mji, ukitazama mashariki, kuna Stone Mountain, jabali moja kubwa tupu kama kipara cha mzee. Watoto wa Mama Fundi walipelekwa huko na shule. Kwenye ubavu wake wamechongwa viongozi watatu wa upande uliopigania utumwa, na juu yake ndiko Ku Klux Klan, kundi la wazungu la kuwatisha na kuwaua watu weusi, ilifufuliwa mwaka 1915. Martin Luther King aliutaja mlima huo kwa jina katika hotuba yake ya Washington ya 1963, akitaka kengele ya uhuru ilie hata pale. Mwalimu aliwaeleza hayo yote. Mama Fundi aliponisimulia alisema kitu ambacho sikujua nikijibu vipi: "Papa, kumbe na hapa kuna milima ya kukimbia. Ila mtu anaruhusiwa kuipanda na kushuka."

Jambo linaloniweka macho usiku ni jingine kabisa.

Mwaka 2022 Mama Fundi alianza kujisomea mtihani wa uraia. Wakati huo maswali yalikuwa mia moja, unaulizwa kumi, ukipata sita umepita. Kwa sababu watoto walikuwa kazini na shuleni, mtahini wake nilikuwa mimi. Saa tano usiku wetu, kwake mchana, nauliza kutoka Nakivale: rais wa kwanza ni nani? Baraza la Seneti lina watu wangapi? Wateja wangu wakizoea, wakawa wanajibu wao. Kuna muuza mkaa hapa, mkimbizi tangu utotoni, anaweza kukutajia majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani ni wangapi. Ni tisa. Mama Fundi aliapishwa mwaka uliofuata. Akapiga kura ya mji. Mji huo, wa meya yule wa besiboli, ulikuwa umeshachagua diwani aliyezaliwa Somalia aliyefika kama mkimbizi, na baadaye mwingine wa Eritrea. Leo Clarkston una watu karibu 15,000, nusu yao hivi wamezaliwa nje ya Marekani, na ukimwambia mmoja arudi kwao atakuonyesha karatasi.

Yule muuza mkaa wangu ana watoto waliozaliwa hapa Isingiro. Wanaongea Runyankole safi kuliko wanangu, ambao wamelishwa Kiswahili cha duka. Katiba yetu ya 1995, kifungu cha 12, inapoeleza uraia wa kuandikishwa kwa mtu aliyezaliwa Uganda, inamwacha nje yule ambaye mzazi wake au babu yake alikuwa mkimbizi. Babu yake! Sisi Waganda tunasifiwa dunia nzima kwa ukarimu, na sifa ni ya haki: wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wanapewa kipande cha ardhi, wanaruhusiwa kufanya kazi na kutembea. Nimejivunia hayo mbele ya wageni wengi. Lakini mgeni wetu tumemkaribisha barazani tukamwachia baraza vizazi vitatu, sebuleni haingii. Ndivyo ninavyoona mimi, na jirani zangu wengine hawapendi nikisema.

Basi Marekani nayo ikafunga. Mdogo wake Mama Fundi, ambaye alirithi cherehani na nafasi ya barazani kwangu, alikuwa amemaliza prosesi yote. Alikuwa aruke Februari 2025, aende hukohuko Clarkston. Dada yake alishanunua godoro na sufuria kubwa, akanitumia picha. Huku, mdogo mtu akauza alivyokuwa navyo, kama wote wanavyofanya: jerikeni, kuku, mlango wa bati. Cherehani nilinunua mimi, 250,000. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump aliapishwa, na siku hiyohiyo akasaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Safari za ndege zilizokwisha pangwa zikafutwa. Hapa habari ilifika kwa simu za jamaa kabla ya tangazo lolote. Mdogo mtu alikuja dukani, hakununua kitu, akasimama pale cherehani ilipokuwa ikikaa.

Na mimi nilikuwa nimeshaiuza. Kwa 300,000, kwa jamaa mmoja wa Kabingo, nikajisifu kwa mke wangu kwamba nimekula faida ya 50,000 kwa siku sita. Nilipanda bodaboda hadi Kabingo. Jamaa aliona usoni kwamba naihitaji, akaniambia 340,000, na hakushuka hata shilingi. Nilimlaani njia nzima ya kurudi, cherehani imefungwa nyuma yetu kwa kamba ya mpira, kichwa chake kikinichoma mgongoni kila shimo. Mdogo mtu ananilipa zile 250,000 kwa kushona, kama dada yake zamani. Tofauti ile sijamwambia, na kwa kuwa hasomi mambo haya ya intaneti, msimwambie.

Jioni ya kwanza alipokaa tena barazani, Mama Fundi alituma ujumbe. Nikauweka kwa sauti kubwa. Hakulia wala hakutaja ndege. Alisema mashine ile ikikaa bila kazi mafuta hukauka, apake kidogo tu kwenye shuttle, na mkanda asiukaze sana kwa sababu gurudumu lina ufa upande wa kushoto, yeye alianguka nalo mwaka 2014. Hapo katikati ya maneno honi ikaanza. Ikaja, ikajaa duka zima, mpaka muuza mkaa akageuka kule nje. Mdogo mtu alikuwa ameshika uzi karibu na tundu la sindano. Akasubiri treni imalize kupita, ndipo akautia.